Kigumba cha Bure

Paukwa!

Pakawa!

Upinde!

Umepinda.

Mshale!

Umenyooka.

Na mwenye haraka?

Tumsikie!

Haya, kaeni. Wewe Chausiku, mwachie mwenzio mkeka, una matako mangapi? Hadithi ya leo haichekeshi, nawaambia mapema. Anayetaka ya sungura aende akasimuliwe na babu yake.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kando ya msitu, na katika kijiji hicho alikuwepo kijana mwindaji, jina lake Mhando. Baba yake alikuwa keshakufa. Alibaki na mama, na mdogo wake wa kike aliyeitwa Mkunde. Mhando alikuwa na shabaha, hilo silipingi. Ila alikuwa na haraka. Chakula kikiwa bado kinachemka jikoni, yeye keshanawa mikono.

Sasa, wawindaji wa kijiji kile walikuwa na sheria yao. Kila mmoja alikuwa na vigumba vyake, kile chuma cha kichwani mwa mshale, na kila kigumba kilikuwa na alama ya mwenyewe. Mnyama akianguka, hawaulizi nani kavuta upinde. Wanapasua, wanatoa chuma, wanatazama alama. Nyama ni ya mwenye chuma. Ukiazima kigumba cha jirani ukaua nyati, umemuulia jirani. Ndivyo walivyoishi, wala hawakugombana.

Na ndani ya msitu lilikaa zimwi. Lilikuwa na mdomo mmoja mbele, kama wangu na wako, na mdomo mwingine kisogoni. Huo wa kisogoni ndio wa kulia watu. Lakini zimwi hilo lilikuwa na taabu moja: mtu wa kuibwa alikuwa hamezeki, anakwama kooni. Mpaka atolewe na ndugu yake wa damu. Kwa hiyo likishaiba mtu, linamfunga, halafu linangoja ndugu zake wateleze.

Basi siku moja Mkunde alikwenda kuchuma uyoga, hakurudi. Walipomfuata walikuta kikapu kimepinduka, na pembeni unyayo mrefu kama mchi.

Mama yake alilia mpaka sauti ikamkauka. Akamwambia Mhando mambo mawili tu: amrudishe mwanawe, na asimpe mtu yeyote ahadi yoyote huko msituni. Mhando akasema amesikia.

Akaenda mbio kwa Makihiyo, mhunzi. Huyu Makihiyo alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Akachukua uti wa kwanza wa mshale, akauviringisha pajani, ukayumba. Akautupa. Akachukua wa pili, akaupima mkononi, mwepesi. Akautupa. Akachukua wa tatu, mzito, umenyooka sawasawa. Akaubakiza. Kisha akafua kigumba chembamba, kidogo kama jani la mkwaju, akakigonga alama ya Mhando.

Mhando akanuna. Zimwi kubwa namna ile, alisema, akalichome kwa sindano?

Makihiyo akakohoa. "Chuma chembamba kinaingia," akasema. "Chuma kipana kinaonekana."

Akamweleza, huku akifunga manyoya marefu ya tai kwa ugwe na ulimbo, kwamba chuma kipana kinashika upepo. Ukikitaka hicho, utafute uti mzito na manyoya marefu, la sivyo mshale unakwenda unakotaka wenyewe. Halafu akautundika mshale darini. Ukauke siku mbili, alisema, manyoya yasije yakabanduka.

Siku mbili! Na mdogo wake yumo mikononi mwa zimwi! Msimcheke, hata nyie mngekwenda. Mhando hakungoja. Alikwenda nyumbani, akachukua podo lake lenye mishale ya matete, ile ya kupigia kanga, akashika njia. Ule mshale mzuri ukabaki darini kwa Makihiyo.

Kwenye ukingo wa msitu akakuta mtu amekaa juu ya gogo. Mtu mnene, amevaa kilemba kikubwa kilichomfunika kisogo chote mpaka mabegani. Jua kali, na yeye kajifunga hivyo. Mngekuwa nyinyi mngejiuliza. Mhando hakujiuliza.

Yule mtu akaomba aione mishale. Akaitazama mmoja mmoja, akasikitika. Akasema hii ni ya ndege, kijana, na wewe nakuona huendi kuwinda ndege. Akatia mkono mfukoni, akatoa kigumba kipana kama kiganja, kina miiba nyuma, kinang'aa mpaka Mhando akaona uso wake ndani. Maneno ya Makihiyo yalimjia, chuma chembamba kinaingia, chuma kipana kinaonekana, akayafukuza kama nzi. Akauliza bei.

"Bure," akasema yule mtu. "Sheria yenu naijua. Kitakachoanguka kwa chuma changu, ni changu?"

Mhando akafikiri: kitakachoanguka si zimwi? Nani anataka nyama ya zimwi? Akajibu, "Ni chako."

"Kitakachoanguka kwa chuma changu, ni changu?"

"Ni chako."

"Kitakachoanguka kwa chuma changu, ni changu?"

"Ni chako, bwana, chukua na ngozi juu!"

Mnaona? Mama kamkataza ahadi, na yeye katoa tatu. Lakini kichwani mwake alihesabu kwamba ametaja sheria tu, ile inayojulikana na kila mtoto wa kwao. Akachomeka kile kigumba kwenye tete jembamba, akakifunga kwa kamba, akaingia msituni.

Alitembea mpaka akafika penye uwazi. Mkunde alikuwa amefungwa kwenye mti, amechoka, midomo imekauka. Hatua tatu kutoka kwake lilikaa zimwi, limempa Mhando mgongo, na ule mdomo wa kisogoni unapiga miayo. Shingoni lilikuwa limening'iniza kilemba kikubwa. Mhando alikiona kilemba, lakini wakati huo alikuwa keshavuta upinde.

Akaachia.

Upepo ulikuwa mdogo tu, wa kutikisa majani. Lakini tete lilikuwa jepesi, manyoya mafupi, na chuma kipana kikaushika upepo ule. Mshale ukapinda hewani. Ukapita kando ya bega la zimwi, ukamwingia Mkunde ubavuni.

Zimwi likageuka, likacheka kwa midomo yote miwili.

"Chuma changu, windo langu," likasema. "Umenipa mara tatu."

Mhando alianguka magoti. Sheria ilikuwa ya kwao, si ya zimwi. Aliyejibu alikuwa Mkunde.

"Windo ni kilichokufa," akasema. "Mimi nazungumza nawe."

Zimwi likafikiri. Likakuta ni kweli. Basi likakaa chini, likakunja miguu, likasema litangoja, lenyewe halina haraka.

Mhando akamfungua mdogo wake, akamlaza. Akakitazama kile chuma. Kilikuwa na miiba nyuma. Kuingia kinaingia, kutoka hakitoki ila na nyama. Akasema atambeba hivyo hivyo mpaka nyumbani, Makihiyo atajua la kufanya.

"Kaka, kitoe," Mkunde akasema.

"Kitakuchana. Utakufa."

"Nikifa nacho, mimi ni wake. Kitoe, nife wenu."

Akamwomba mara ya pili. Akamwomba mara ya tatu. Mara ya tatu Mhando akampa ukanda wa podo aung'ate, akakitoa. Siwaambii ilivyokuwa. Mkunde hakupiga kelele, lakini Mhando alipiga.

Akalitupia zimwi chuma chake miguuni. Likakiokota, likakifuta kwa kilemba, likaondoka zake. Haki yake ilikuwa imetoka pamoja na kile kigumba. Mhando akafunga jeraha kwa shuka yake, akambeba mdogo wake mgongoni, akakimbia.

Njiani Mkunde aliomba maji, akapewa. Akauliza kama uyoga wake uliokotwa, akaambiwa umeokotwa. Alifika nyumbani akiwa hai. Alimwona mama yake, akamwita, akafa mapajani pake kabla jua halijazama.

Nyamazeni. Mimi pia inaniuma, na nimeisimulia miaka yote hii.

Watu wakajaa uani. Mama akainua uso, akauliza nani amemuua mwanawe. Kila mtu alimtazama Mhando, na kila mtu alijua jibu litakalokuwa jepesi. Kwa sheria ya kijiji, hakuna aliyeuliza mkono. Kilichouliwa ni cha mwenye chuma. Angesema zimwi, yakaisha, nao wangemlilia yeye pamoja na marehemu.

Mhando akasema, "Chuma kilikuwa cha zimwi, mama. Mkono ulikuwa wangu."

Mama akampa jembe akachimbe kaburi. Akachimba peke yake, hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia.

Msiniulize kama mama alimsamehe. Sijui. Najua tu kwamba alimpelekea maji kule kaburini, na kwamba alikaa hapo mpaka Mhando akayanywa.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye udongo mbichi. Mkitaka kuivuta mbele, vuteni wenyewe. Nyinyi shikeni hili: silaha ya kuazima ina mwenyewe, na cha bure kiulizwe kwa nini ni bure. Haya, kanaweni, chakula tayari. Taratibu.