Salamu za Tembo kwa Tangi la Maji

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikwisha fika mwituni, wanyama wa Bonde la Mitomoko walikuwa na kisima. Na si kisima cha kamba na ndoo, wanangu! Sola juu, betri chini, na pampu ikivuta maji, vuuu, mpaka kwenye tangi kubwa.

Kazi ya kompyuta ilikuwa kuzima pampu tangi likijaa. Aliyeiandikia programu ni Mzee Tembo, fundi mwenye adabu zake. Adabu zilimzidi, maskini! Aliifundisha mashine iliulize tangi kila mara kama limejaa. Kisha akaona ni utovu wa heshima kuuliza bila salamu. Basi kutwa nzima mashine na tangi walikuwa hivi:

"Hodi!"

"Karibu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto wazima?"

"Wazima."

"Umejaa?"

"Bado."

Na papo hapo, "Hodi!" tena, kana kwamba hawajawahi kuonana.

Kwa salamu hizo betri ilikuwa ikikata roho kabla ya saa sita mchana, tangi halijafika hata nusu. Na desturi ya bonde lile ni kwamba wakubwa huchota kwanza. Zamu ya Bi Pimbi na watoto wake sita ikifika, bomba linatoa hewa tu, fyuuu!

Mzee Tembo akatoa hukumu. "Pimbi ni wengi mno, ndio wanaotumalizia umeme. Ijumaa wahame."

"Jamani! Umeme tuumalize sisi, na maji yenyewe hatujayaonja?" alilia Bi Pimbi. Uchungu ulimshika kwelikweli, kwani wanawe walikuwa wameanza kulamba umande kwenye mawe, na huko wanakofukuziwa hata umande hakuna.

Lakini Bi Pimbi hulia kwa jicho moja, la pili linatazama. Siku tatu alijibanza nyuma ya mashine akizisikiliza zile hodi. Alhamisi asubuhi akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmefunga mizigo?"

"Tunafunga. Ila wanangu wana midomo mirefu, mzee wangu! Eti kazi ya ile mashine, hata Mzee Tembo mwenyewe haiwezi."

"Eti nini?" Masikio ya Tembo yakapiga, pa! pa!

"Watoto hao, mzee, wasamehe. Nimewaambia wewe ni dume la nguvu."

"Siwasamehe! Leo mashine ipumzike, pampu iachwe ivute. Nitaliuliza tangi mimi mwenyewe mpaka lijae!"

"Na salamu zote?"

"Zote!"

"Na ukikaa chini?"

"Nikikaa chini, hamhami, na programu uiandike wewe!"

Wanyama wote wakasikia. Bwana Kiboko akawekwa tangini ajibu badala ya tangi, na Tembo akaanza safari kutoka kibanda cha kompyuta, gudu, gudu, gudu.

"Hodi!"

"Karibu."

"Hujambo? Watoto wazima? Limejaa?"

"Bado."

Akarudi kibandani, akageuka, gudu, gudu, gudu. "Hodi!" Mara kumi. Mara ishirini. Bi Pimbi alimpigia makofi. "Huyo huyo! Usisahau kuulizia watoto, mzee!"

Mara ya arobaini mkonga ulikuwa unaburura vumbi. "Ho... hodi. Wa... watoto..."

Kiboko akalipuka. "Ala! Watoto wangu umewaulizia mara arobaini tangu asubuhi, unadhani wamepatwa na nini? Hebu kaa chini! Likijaa, nitakuita mimi!"

Tembo akakaa, puu!

"Mzee kakaa!" wakashangilia wale pimbi sita.

"Sijakaa," alisema Tembo akihema. "Nimeegemea ardhi."

Alikuwa bado anaiegemea ardhi, Kiboko alipoita, mara moja tu: "Limejaaa!" Pampu ikazimwa. Jua lilikuwa utosini, na taa ya betri ilikuwa kijani kibichi. Wakubwa wakachota, tangi likajazwa tena, na zamu ya Bi Pimbi ikafika. Bomba likasema gwa! gwa! gwa! Kitindamimba wake alikunywa mpaka tumbo likatangulia mbele, na mama yake akalia tena, safari hii kwa macho yote mawili.

"Kumbe umeme ulikuwa unaliwa na salamu zangu," alinong'ona Tembo.

"Salamu ni njema, mzee. Ila tusalimie sisi," alisema Bi Pimbi, naye alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Akazifuta hodi zote, akaandika mstari mmoja: mashine ilale, tangi likijaa litaiamsha.

Haya, wanangu, kashikeni hili: kuuliza sana hakujazi tangi, humchosha tu anayeuliza.