Kalenda ya Ndugu Yeremia

Wapo watu ambao ni heri wapotee njia mchana kweupe kuliko kumwuliza mpita njia. Wakiuliza, huona wamejivunjia heshima. Wakiulizwa, huona wametukanwa. Wahenga waliwafahamu, wakawawekea methali yao. Ndugu Yeremia, katibu wa Kijiji cha Ujamaa cha Umoja, jirani na Mvumi, alikuwa mmoja wao.

Alitumwa kijijini mwezi wa Agosti 1975, akitokea milima ya Lumuma, alikosomea shule ya misheni. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchora kalenda kubwa kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani ofisini. Sikukuu aliziandika kwa wino mwekundu, na siku za kazi ya shamba la pamoja kwa wino wa buluu. Chini akaweka onyo: atakayekosa siku ya buluu atanyang'anywa jaruba lake la mpunga.

Mwamvua aliposoma onyo hilo, alirudi kulisoma tena. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na jaruba lake kando ya mto ndilo lililowalisha. Alikuwa pia mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, tena mwenye bidii ya mchwa, na mwalimu wake alimtuma aikague kalenda ile kabla haijasomwa mkutanoni. Akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Uhuru, Desemba tisa: sawa. Krismasi, Desemba ishirini na tano: sawa. Idi el Fitri, Oktoba kumi na saba… Kidole kikasimama. Akatazama juu kidogo: tarehe sita na saba zilikuwa za buluu, watu wote kufyeka shamba la pamoja.

"Ndugu Katibu, hii Idi umeitoa wapi?"

"Kwenye kalenda ya mwaka jana. Kwani vipi?"

"Mwaka huu haitakuwa tarehe hiyo. Sisi tunafuata mwezi, na kila mwaka Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Itakuwa tarehe sita au saba, mwezi utakavyoandama. Waulize wazee msikitini."

Yeremia alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Mama, sikukuu ni sikukuu. Krismasi uliiona ikihama lini?"

"Krismasi haihami. Na Pasaka yenu je? Si huhama kila mwaka?"

Kicheko kikakatika. "Usinifundishe dini yangu!" alifoka. "Juzi tu ulikuwa hujui a wala be, leo unamsahihisha katibu? Mimi nikaulize, nionekane mjinga? Nenda ukafyeke!"

Lahaula! Mwamvua alitoka na hasira zake. Tusi angelimeza. Lakini afunge mwezi mzima, kisha siku ya Idi ashike fyekeo, la sivyo watoto wake walale njaa! Na yote kwa sababu mtu mzima, mwenye miguu yake miwili, ameona aibu kutembea hatua mia moja hadi msikitini akaulize swali moja.

Jumatatu tarehe sita alifyeka, na saumu yake mdomoni. "Mbona leo si Idi?" Yeremia alimkejeli mbele ya watu. Jioni ile mwezi ukaandama.

Asubuhi yake Mwamvua aliwavika watoto nguo safi, akawashika mkono hadi uwanja wa sala. Jaruba alimwachia Mungu. Sala ilipokwisha, Yeremia akatokea mbio kutoka shambani, jasho likimtiririka, karatasi mkononi. Alimkuta Katibu Tarafa, mkubwa wake wa kazi, amevaa kanzu, kwa kuwa alikuja kula Idi kwa wakwe zake.

"Watoro wa kazi hawa, mzee. Naomba kibali majaruba yao yagawiwe leo hii."

Katibu Tarafa akaisoma orodha polepole. "Huyu wa tatu ni baba mkwe wangu. Na mimi niandike basi, maana leo sikufyeka."

Watu wakaangua kicheko. Mwamvua hakucheka.

"Hakuna aliyekuambia kuwa leo ni Idi?" Katibu Tarafa alimwuliza Yeremia.

"Aliambiwa!" Mwamvua alipaza sauti. "Nilimwambia mimi, akaulize msikitini. Jibu lake lilikuwa nikafyeke. Leo amekuja kuninyang'anya chakula cha wanangu kwa kosa lake mwenyewe!"

Katibu Tarafa akaichana orodha vipande vipande. "Jaruba lako ni lako, mama. Kalenda itaandikwa upya, na haitabandikwa kabla hujaikagua wewe."

Yeremia alisimama pale kama aliyenyeshewa. Kisha, kwa sauti ambayo ofisi yake haijapata kuisikia, akasema, "Mama Mwamvua… na Idi ya kuchinja itakuwa lini?"

Watoto wakaanza kumcheka. Jibu kali lilikuwa tayari kinywani mwa Mwamvua, na haki ya kulitoa alikuwa nayo. Alimtazama Yeremia, akalimeza, akawageukia watoto.

"Nyamazeni! Mnataka asiulize tena? Kuuliza si ujinga."