Mize Mbele ya Mkuu wa Chuo

Palikuwa na mkuu wa chuo, Mwinyi Dadi, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa. Ukimsalimia asubuhi, kujibiwa kwako kulikwisha adhuhuri. Na chuo chenyewe, jamani, hakikuwa cha mchezo! Kilikuwa chuo cha Sultani wa Mwambeni. Aliyetoka humo alitoka kadhi, au tabibu, au mtu wa kuinukiwa akipita. Nani asiyetaka kuingia?

Basi Mwinyi Dadi akaweka sharti. "Anayetaka kusoma kwangu aje barazani tujibizane mbele ya Sultani. Akiniacha sina neno, ameingia. Akishindwa, mwaka mzima atawachotea maji walioingia."

Watu wakaja na akili zao, wakashindwa, wakapewa ndoo. Lakini wapo waliofaulu, tena chapuchapu. Alikuja mpwa wake, akasema, "Shikamoo, mjomba." Mwinyi Dadi akashika kifua. "Lo! Nimekosa la kusema! Pita ndani!" Akaja mtoto wa shemeji yake, akapiga chafya. "Hoja nzito hiyo! Pita!"

Na Sultani? Sultani barazani alikuja kusinzia.

Sasa, mtaa wa madobi alikuwapo msichana jina lake Mize. Mama yake alikufa kwa homa, na tabibu aliyeitwa alisema njia ya kwao ina tope. Tangu siku hiyo Mize alitaka utabibu, na hakutaka kingine. Akamuuliza baba yake, Mzee Faki, "Baba, nafasi yangu unaionaje?"

Mzee Faki akakamua shuka, akafikiri. "Mwanangu, pale kuna nafasi na kuna ndoo. Mimi naona ndoo."

Mize akaenda vivyo hivyo. Alipofika akasimama wima katikati ya baraza, na watu wamejaa hadi madirishani.

"Wewe nani?" akauliza Mwinyi Dadi kutoka kitini kwake, kiti kirefu chenye mito mitatu.

"Mize, binti Faki."

"Faki dobi? Anayefua kanzu zangu?"

"Huyo huyo, bwana. Ndiyo maana kwetu tunakujua nje ndani."

Watu wakaziba midomo. Sultani akafumbua jicho moja.

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma, bwana. Ningekuwa nimesoma, ningekuja chuoni kufanya nini?"

"Una ulimi mrefu, binti!"

"Nawe umekaa juu, bwana. Mfupi usingekufikia."

Sultani akafumbua la pili. Mwinyi Dadi akaanza kutoka jasho, na kilemba kikamtelemka hadi kwenye nyusi. Akakisukuma juu, akapaza sauti. "Sikiliza! Chuo hiki si cha kila mpita njia! Hapa tunachuja! Tunachuja, na tunachuja tena!"

"Hata sisi kwetu tunachuja nazi, bwana. Lakini sisi tui tunalitia chunguni, machicha tunawapa kuku. Hapa naona machicha yamepewa vitabu, na tui limepewa ndoo."

Mlangoni, wale wachota maji wakapiga vigelegele na ndoo zao wakazifanya ngoma. Sultani akakaa sawasawa. Akauliza kwa upole, "Mwinyi Dadi, bado unalo neno?"

"Ninalo, Seyyid! Ninayo tele!" Mwinyi Dadi akaruka kutoka kitini, mito ikamwagika. Mize akajua kwamba linalokuja sasa ndilo la mwisho. Ama ajibu, ama akachukue ndoo yake.

"Unataka kujua nafasi yako?" Mwinyi Dadi akafoka. "Nitakupimia mimi! Unamwona punda wangu, yule pale nje? Yule anayetafuna mkeka? Basi punda yule ataingia chuo hiki kabla yako!"

Mize akageuka, akamtazama punda taratibu, tangu masikio hadi kwato. Kisha akageuka tena, akamtazama Mwinyi Dadi taratibu vilevile, tangu kilemba hadi makubadhi.

"Hilo sibishi, bwana," akasema. "Yeye ana mjomba humu ndani."