Garimoshi Lililokwenda Kushoto

Paukwa!
Pakawa!
Waya una mdomo!
Useme tusikie!

Hapo kale wanyama walikuwa na reli ya kuchezea, garimoshi lake dogo kama kibuyu. Lilizunguka kichakani likiwapelekea wote karanga kutoka ghalani. Akaja Ngiri, meno nje, tumbo mbele, akanyakua kisanduku cha vitufe vya kuliongoza. Akibonyeza, tiki! garimoshi linakwenda kwake. Akibonyeza tena, tiki! kwake tena.

Watoto wa Sange wakalala njaa.

"Mama, tumbo linauma."

Sange ni mdogo, anaenea kiganjani, lakini ana pua ndefu na masikio makubwa. Akatega sikio kwenye waya uliopita kando ya reli. Lo! Waya ulikuwa unazungumza! Kisanduku cha Ngiri kilikuwa kikibisha hodi kwa Njia Panda, chuma cha pale reli inapogawanyika.

"Njia Panda, hodi!"

"Karibu!"

"Geuka kulia, kwa Ngiri."

"Nimegeuka."

Sange akasisimka mwili mzima. Kumbe vyuma vina adabu kumshinda Ngiri! Ila hodi ikibishwa, vyenyewe haviulizi, "Nani wewe?"

Basi akatafuta kisanduku kingine, akakifunga kwenye waya, akakifundisha taratibu: "Ukisikia Njia Panda anaambiwa ageuke kulia, mwache ajibu. Akishajibu, nawe bisha hodi. Mwambie ageuke kushoto, kwenye mashimo yetu sisi wadogo."

Asubuhi Ngiri akabonyeza. Tiki! Garimoshi likaja, chuku-chuku, chuku-chuku. Njia Panda, kwa! kulia. Mara, kwa! kushoto. Garimoshi hilooo, kwa wadogo! Wanyama wakaduwaa, midomo wazi. Hakuna aliyegusa kitu! Mimi nikiwaza jambo hilo, hadi leo nywele hunisimama.

"Sange! Umeshika reli yangu?"

"Mimi, Bwana Ngiri? Mikono yangu hii hapa. Labda hukubonyeza sawasawa."

Tiki! Chuku-chuku, kwa! kushoto. Tiki! Chuku-chuku, kwa! kushoto. Ngiri alivyozidi kubonyeza, ndivyo karanga zilivyozidi kwenda kwa wadogo. Akabonyeza mpaka kwato ikavimba. Ghala likaisha, yeye hajaonja hata ganda.

Garimoshi langu limefika, mwenye mzigo ashuke. Na funzo lake, wanangu, ni hili: kusikiliza mazungumzo yasiyokuhusu hakuna faida kabisa. Waulizeni watoto wa Sange, watawaambia hivyo hivyo, wakishamaliza kutafuna.