Mhandisi Aliyeiamini Alama

Soma hadi mwisho, kisha mtumie yeyote aliyekabidhiwa siri za watu.

Mhandisi mmoja wa kompyuta jijini Mbeya, Anyitike, alitengeneza tovuti ya nyumba inayohifadhi wanawake wanaokimbia vipigo. Mwanamke aliandika shida yake humo, akajibiwa aje lini na nyumba iko wapi.

Kila ujumbe ulitakiwa kusafiri ukiwa umefungwa kwa msimbo, asiusome mtu njiani. Ulipokelewa kwanza na kompyuta ya mbele, ambayo, ikiukuta umefungwa kweli, iliubandika alama: "Umefungwa." Kompyuta ya ndani ilitazama alama hiyo tu. Ikiiona, inajibu. Isipoiona, inakataa.

Mwenzake, Sekela, alimuuliza, "Kaka, na ujumbe ukija tayari una alama?"

"Alama inawekwa na kompyuta yetu, dada."

"Lakini haifuti alama iliyowekwa na mgeni. Mtu akiibandika njiani je?"

"Nani ahangaike hivyo? Tutarekebisha baadaye."

Ikawa baadaye, baadaye, mpaka wakasahau.

Mama Atupele aliandika akiwa kazini saluni, kwa Wi-Fi ya hapo. Alijibiwa aje Jumamosi na binti yake. Walipofika, mumewe alikuwa amesimama getini. Majirani walimwokoa mama asipigwe, lakini mtoto alinyakuliwa, na hadi leo hajulikani alipo.

Anyitike alichunguza kilichotokea, kisha akaenda kumwomba radhi.

"Niliuliza kama ni salama, mkaniambia ndiyo," mama alisema. "Ninyi mlimuuliza nani?"

Anyitike alishindwa kumtazama. Fundi aliyefunga Wi-Fi ya saluni ile alikuwa mume huyohuyo. Aliupitisha ujumbe wa mkewe ukiwa wazi, akausoma pamoja na majibu, na alama ya "Umefungwa" akaibandika yeye mwenyewe.

"Tulimuuliza mumeo, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hatukujua."

"Hamkujua, au hamkutaka kusumbuka?"

Anyitike aliaga, akaondoka.

Aliporudi ofisini alirekebisha kosa lile: kompyuta ya mbele ikafuta kila alama ya mgeni kabla ya kuweka yake, na ya ndani ikakataa ujumbe wowote usiopitia kompyuta hiyo ya mbele. Alimaliza hata chai haijapoa. Akabaki amekaa pale, akilia.

Funzo: Neno "salama" anaweza kulisema yeyote, hata adui. Hakikisha kwanza nani amelisema, maana uvivu wako unaweza kulipwa na mtu aliyekuamini.