Jina la Albamu ya Mkunde

Haya, sogeeni karibu, na mwenye karanga mdomoni azimeze kabisa, maana nikifika mwisho nitamdai kila mtu jibu. Wakubwa mtajibu na watoto mtajibu. Mkigombana, mimi simo.

Pale Morogoro aliishi dada mmoja akiitwa Mkunde, mwimbaji wa nyimbo za kuchezeka. Sauti alikuwa nayo, kiuno alikuwa nacho, na haya hakuwa nayo hata chembe akishashika maiki. Alichokosa ni kimoja tu: wimbo wa kumwinua mtu kwenye kiti. Lakini alikuwa na watu wake watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Chiku, msusi, rafiki yake tangu wakicheza kombolela, alijaliwa mdomo. Jambo ambalo wewe ungelieleza mpaka chai ipoe, Chiku alilisema kwa maneno manne na saluni nzima ikashika mbavu.

Gaudensi, prodyuza, alijaliwa sikio. Huyo aliweza kushinda na mdundo mmoja kutwa, akiongeza hapa, akipunguza pale, sahani ya wali imepoa pembeni. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, na kusifia ndiyo kabisa.

Kitwana, dijei wa maharusi, alijaliwa jicho. Madijei wenzake walitazama mashine zao. Yeye alitazama miguu ya watu. Alijua shangazi gani anatafuta kisingizio tu cha kuinuka, na mjomba gani viatu vinambana.

Basi Mkunde akaingia studio kutengeneza albamu yake ya kwanza. Bi Eufrazia, mwenye kampuni iliyomsaini, alikuwa mama asiyepepesa maneno. Akamwambia, "Mwanangu, tutatanguliza singo tatu. Watu wakizicheza, albamu inatoka. Wasipozicheza, nyimbo zako nazifungia kabatini na tunaagana kwa amani."

Singo ya kwanza ikatoka. Kimya! Redio moja iliipiga asubuhi, mtangazaji akaikatiza katikati asome taarifa ya mbuzi aliyepotea. Singo ya pili ikatoka, safari hii na video, Mkunde amevaa gauni la kumetameta. Watu wakasifia gauni.

Hapo Mkunde akalia. Alilia kwa kwikwi sebuleni kwa mama yake, mbele ya Chiku, Gaudensi na Kitwana, na mama mtu akaja na bakuli la uji. "Kunywa kwanza," akasema. "Ukilia na njaa utaumwa kichwa bure."

Mkunde akafuta machozi. "Mama, uwe shahidi. Kati ya hawa watatu, atakayeifanya singo ya tatu iwainue watu vitini, albamu yangu itaitwa kwa jina lake. Jina moja, la mtu mmoja. Sina zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo, maana albamu ya kwanza mtu haitoi mara mbili."

"Nimesikia," akasema mama. "Na ujue, ukoo wetu neno lililotamkwa mbele ya mama halirudishwi. Babu yako aliwahi kuahidi ng'ombe kwa utani tu, na ng'ombe akaenda." Wale watatu nao wakaitikia kwamba wamesikia.

Sasa tegeni masikio.

Jumamosi moja saluni ya Chiku ilifurika, wateja wamekaa mpaka mlangoni, miguu wameitandaza sakafuni utafikiri wako kwao. Mkunde naye alikuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa. Chiku akatokea jikoni na beseni la maji ya moto, yale ya kuchovya ncha za rasta, mvuke unampiga usoni, na pa kukanyaga hapaoni. Akapaza sauti: "Nipisheni, nimebeba! Asiyenipisha tusilaumiane!" Mteja mmoja akamjibu, "Pita mama, pita na mzigo wako!" na saluni yote ikaangua kicheko. Mkunde akaruka kitini.

"Chiku, rudia hayo maneno!"

"Nirudie nini, shoga? Maji yanapoa!"

Lakini alirudia, na mteja naye akarudia, na kiitikio cha wimbo kikawa kimepatikana hapo hapo, kati ya beseni na kioo.

Mkunde akampelekea Gaudensi yale maneno. Gaudensi akayasikiliza, akaguna, akafunga mlango wa studio. Akajenga mdundo akaubomoa, akajenga mwingine, huo nao akaubomoa. Mwishowe akaondoa ngoma zote nzito, akabakiza makofi na gitaa la besi, na kila baada ya neno "nimebeba" akaacha uwazi mtupu.

"Kaka Gaudensi, mbona hapa umeacha tundu?" Mkunde akauliza.

"Hilo si tundu. Hapo ataitikia mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Imba."

Mkunde akaimba. Wimbo ulikwenda mbio, umechangamka, na yeye mwenyewe alicheza studio mpaka akagonga goti kwenye meza. Singo ikatoka. Redio zikaupiga, bodaboda wakaupiga, watu wakatikisa vichwa. Ila walitikisa vichwa wakiwa wamekaa! Bi Eufrazia akaanza kuulizia ufunguo wa kabati.

Ikafika sherehe moja ya kumuaga binti, ukumbini Kihonda, na Kitwana ndiye dijei. Mkunde alialikwa, akajikunja meza ya nyuma kabisa. Nanyi mnazijua sherehe zetu: zawadi haipelekwi kimya kimya, ukoo mzima huingia nayo ukicheza, kutoka mlangoni hadi meza kuu. Siku hiyo akina shangazi waliingia na godoro, kabati la vyombo, na visigino virefu vya kuazima. Kitwana akaweka wimbo wa Mkunde. Lo! Wimbo ukawatimua mbio kuliko mizigo yao. Godoro likayumba kushoto, kabati kulia, na shangazi mkubwa, mama wa mwili wake, akakwama chini ya godoro katikati ya ukumbi, jasho linamchuruzika, anamtazama dijei kwa macho ya kuomba msaada. Mkunde kule nyuma akatamani ardhi immeze.

Kitwana akaitazama miguu ya shangazi. Akashika kitufe cha mwendo, akaupunguza wimbo mwendo taratibu, taratibu, mpaka ukalingana na ile miguu. Nyimbo nyingi ukizifanya hivyo zinageuka za msibani. Huu ukakolea! Shangazi akapiga hatua, akatikisa bega chini ya godoro, akasimama. "Nimebeba!" akaimba. Na kwenye ule uwazi wa Gaudensi ukumbi ukamjibu: "Pita mama!" Hatua tena, bega tena. Meza ya kwanza ikainuka, ya pili ikainuka, wapishi wakatoka jikoni na miko yao, wazee waliokwishaanza kusinzia wakajipanga nyuma ya kabati. Hakuna aliyebaki kitini; hata Mkunde alikuwa amesimama juu ya chake apate kuona.

Gaudensi alipopata habari alifoka. "Umeuharibu wimbo wangu!" Kitwana akamburuta hadi sherehe iliyofuata akajionee. Alirudi, akaurekodi upya kwa mwendo ule ule wa shangazi.

Jamani, nchi iliwaka. Iringa waliupeleka na makochi, Tanga waliupeleka na vitanda, Kigoma wakaupeleka na cherehani, na Mombasa waliupokea wakadai ni wao. Ikawa hakuna zawadi inayofika meza kuu pasipo sauti ya Mkunde. Hata zile singo mbili zilizosuswa zikaanza kuchezwa, na watu wakaapa kwamba walizipenda tangu siku ya kwanza. Binadamu, bwana! Bi Eufrazia akalifungua kabati kwa mikono yake, na siku ya kuizindua albamu ikapangwa uwanjani; ikafika, watu wamejaa hadi kwenye kuta.

Kabla Mkunde hajapanda jukwaani, wale watatu wakamfuata nyuma ya pazia, alikokuwa na mama yake.

Chiku akaanza. "Shoga, uwanja wote huo unaimba mdomo wangu. Toa maneno yangu, wataimba nini? Makofi?"

"Hayo maneno uliwaambia wateja waliotandaza miguu, hukujua hata kama unatunga," akasema Gaudensi. "Mimi ndiye niliyekesha nayo. Na Kitwana amepunguza mwendo wa nyimbo za watu miaka yote. Ni upi uliokolea? Ni huu niliojenga mimi."

"Ulijenga, sikatai," akasema Kitwana. "Maneno yalikuwepo na mdundo ulikuwepo, na watu walikaa. Mkunde alisema vitini. Nani aliwainua?"

"Wewe ulimhurumia shangazi tu!" Chiku akamrukia. "Albamu hukuiwaza hata kidogo!"

Mkunde aliwasikiliza, na kila aliyesema alimwona ana haki. Furaha ilimjaa, na hapo hapo roho ikamuuma, kwa kuwa hawa ndio waliokuwa naye siku ya uji. "Mama," akanong'ona, "nikiyataja yote matatu?"

"Ulisema jina moja. Nilikuwepo."

Chiku akamtengeneza msuko uliolegea sikioni. "Taja unayemtaka, nitapiga vigelegele. Ila nywele utajisuka mwenyewe." Gaudensi akasema albamu ya pili atafute studio nyingine. Kitwana akatabasamu tu, akasema yeye wimbo ataendelea kuupiga, lakini kwa ile kasi ya zamani.

Mkunde akapanda. Uwanja ukalipuka, watu wakabeba viti vichwani, mabegi, watoto wao, wakaimba naye hadi sauti zikakauka. Mshereheshaji akamsogelea: "Dada Mkunde, taifa linataka kujua. Albamu inaitwaje?"

Chini, mbele kabisa, Chiku, Gaudensi na Kitwana walikuwa wamesimama bega kwa bega. Mkunde akainua maiki.

Mimi naishia hapo. Msinitazame hivyo! Wala asinyooshe mkono mtu wa kuniambia aiite kwa jina lake mwenyewe, au la mama, au la shangazi wa godoro, maana kiapo mmekisikia. Kuna aliyeyatoa maneno bila kujua, kuna aliyeuhangaikia mdundo bila kulala, kuna aliyegusa kitufe kimoja na watu wakainuka. Jina ni moja, na wawili watarudi nyumbani bila kitu. Haya, shika maiki wewe: ungemtaja nani, na wale wawili ungewaambia nini?