Mwanasesere wa Mbeleko

Sogeeni, hadithi hii haitaki kelele.

Palikuwa na fundi, Mwanatumu, aliyeshona wanasesere kwa kanga kuukuu na kuwajaza barua za zamani. Jioni moja zimwi likabisha mlangoni.

"Nipe bintiyo Zuwena nimle."

Mwanatumu akamficha mtoto uvunguni, akalipatia zimwi mwanasesere wa kitambaa kipya badala yake. Likanusa.

"Huyu ana harufu ya duka. Narudi kesho."

Akashona wa kanga kuukuu, lakini akaifua kwanza, kama mafundi wafanyavyo.

"Huyu ana harufu ya sabuni. Kesho navunja mlango."

Ikabaki mbeleko aliyombebea Zuwena. Akaitia majini kwa mazoea, akashtuka, akaitoa upesi kabla harufu ya jasho na maziwa haijatoka. Akashona, akajaza barua za marehemu mumewe.

Zimwi likanusa. Likanusa tena. Likaondoka limemkumbatia mwanasesere kifuani.

Asubuhi mlango ukagongwa tena, polepole.

"Mama Zuwena," zimwi likanong'ona, "mwanangu huyu wa mbeleko amelia usiku kucha. Nyinyi huwabembelezaje watoto wenu?"

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Nyinyi mngefungua?